Nani Atalichukua Duka la Mzee Hermenegildi

Mlabani, Ifakara
3 Agosti 1997

Mdogo wangu Maximilian,

Nakusalimu wewe, wifi Eveline na mtoto. Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mpunga tumemaliza kuvuna, na shemeji yako Antoni anaugulia kiuno kama ilivyo kawaida yake kila baada ya mavuno. Mama bado yuko Lupiro, amekataa tena kuhamia kwangu. Wiki iliyopita nilivuka na pantoni kumpelekea sukari na sabuni, akaniuliza, "Hiyo treni ya Mbeya haisimami tena Ifakara? Mbona huyo mwanangu hashuki?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa sikiliza. Unamkumbuka Mzee Hermenegildi, mwenye duka la dawa ninakouza tangu waliponipunguza kazi ya unesi kule zahanati ya Uchindile. Juzi alifunga mlango mchana kweupe, akaniambia, "Kaa, mwanangu." Nikadhani ananifukuza.

"Magoti yangu yamekwisha," akasema. "Nataka kurudi Mahenge kwa binti yangu. Duka nataka ulichukue wewe."

"Mimi, Mzee? Kwa uwezo gani?"

"Utanilipa polepole, hata kwa mpunga. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni cheti."

Wakaguzi walipita mwezi wa sita. Leseni yetu ni ya dawa baridi tu, za kichwa, tumbo na kikohozi, lakini wewe unajua maduka ya huku yanauza nini. Wamesema tukitaka kuendelea na sindano na vidonge vile vikali, lazima ukutani pawe na jina la mfamasia. La sivyo vitolewe vyote. Na vikitolewa, Maxi, duka halina maana tena.

Mzee aliposema "mfamasia", nilijisikia vizuri sana. Nikamwambia, "Mfamasia ninaye. Tumenyonya ziwa moja." Amenipa hadi Pasaka nimpe jibu.

Nina miaka arobaini na mbili, sijawahi kumiliki kitu zaidi ya baiskeli. Nitumie cheti chako, au uje nacho. Usikae sana kujibu.

Dada yako,
Domitila


Mbeya
30 Septemba 1997

Dada Domitila,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Zamu za hospitali zimetubana, na Eveline alikuwa na malaria, sasa hajambo. Baridi ya hapa imeanza kupungua. Mpe pole shemeji, na Mama mwambie namkumbuka sana, nafasi ikipatikana nitashuka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimefurahi kwamba Mzee anakuamini. Lakini fikiri vizuri. Cheti si picha ya ukutani. Sheria inataka mfamasia mwenyewe awepo dukani, aone kila dawa inayotoka. Mimi niko Mbeya, wewe uko Ifakara. Litakapotokea tatizo, nani atajibu?

Halafu kuna mambo mengine. Duka lina friji? Umeme ukikatika mnafanyaje? Nani anaangalia tarehe za dawa kuisha? Mnaouza mko wangapi, na wamesoma nini?

Na kuna hili la klorokwini. Hapa wodini tunaona watoto waliomaliza vidonge vyote sawasawa, na homa inarudi palepale. Madaktari wanasema vijidudu vimeshaizoea. Ninyi huko mnauza nini zaidi ya hiyo?

Usiwe na haraka. Pasaka bado mbali.

Wako,
Maximilian


Mlabani
19 Oktoba 1997

Maxi,

Marahaba. Tupo wazima. Mama anakohoa kidogo lakini anatembea. Wifi pole na malaria.

Friji hakuna. Tarehe ninaangalia mimi. Muuzaji ni mimi, na nilichosoma unakijua. Klorokwini ndiyo tunayouza zaidi, kwa sababu ndiyo wanayoitaka na ndiyo wanayoimudu. Umemaliza kuniuliza? Mimi nimekuomba cheti, wewe unaniuliza habari za friji.

Nadhani hujui hali ya hapa. Hospitali ipo, na ni nzuri, lakini mtu anayetoka mashambani ng'ambo ya mto akifika anakuta foleni, na pantoni haimngojei. Anakuja kwangu. Nikifunga, hataacha kutafuta dawa. Atakwenda kwa mwuza chumvi ambaye naye ana kopo la vidonge chini ya meza.

Sasa nikuulize na mimi. Dionisi, yule jirani yetu anayeleta viazi kutoka Mbeya, alishikwa na kichwa karibu na stendi ya mabasi huko kwenu. Akaingia duka moja la dawa kununua Panadoli. Anasema juu ya kaunta kuna fremu ya kioo, na ndani yake ni jina lako kamili, pamoja na picha yako. Akamwuliza muuzaji, "Huyu yupo? Ni mtu wa kwetu." Akajibiwa, "Huyo huwa hakai hapa."

Duka hilo ni la nani, Maxi? Sheria ya mfamasia kuwepo dukani mwenyewe ni ya Ifakara peke yake?

Nilidhani unaona aibu kwa sababu mimi ni nesi msaidizi. Nimelia kidogo, nikamaliza. Nijibu ukweli.

Domitila


Mbeya
22 Novemba 1997

Dada,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, tuko salama.

Ni la mfanyabiashara mmoja wa hapa. Alinifuata mwaka juzi akataka kukodi cheti changu, wakati mshahara ulikuwa hauji na Eveline amejifungua kwa upasuaji. Wenzangu wengi wanafanya hivyo. Huwa napita pale mara moja kwa mwezi.

Sikuona aibu juu yako. Usirudie kusema hivyo.

Mkataba unaisha Januari. Nitakitoa cheti pale, nitakuletea mwenyewe, na nitakaa nawe wiki mbili tupange rafu pamoja. Mwambie Mzee ndiyo. Mama usimwambie habari za hilo duka.

Maximilian


Mlabani
8 Februari 1998

Mdogo wangu mpendwa,

Sijui barua hii itakufikia lini. Posta wanasema reli imekatika huko juu baada ya Mlimba, udongo umeshuka, na basi la Kidatu linakwama siku nzima. Mvua hii wazee hawajapata kuiona. Mto umetoka, umekwenda hadi kwenye mashamba ya watu, na pantoni inafanya kazi siku moja, siku tatu imesimama. Mama hatujamwona tangu Krismasi. Alituma salamu kwa mtu wa mtumbwi kwamba nyumba yake iko juu, maji hayajafika.

Januari imepita hujaja. Nadhani ni reli.

Mzee nilimwambia ndiyo, kama ulivyosema. Alifurahi mno, akanipa funguo zote kabla hata hatujaandikishana. Nimepaka chokaa ndani. Nimehamisha kaunta ikae mbele, ili mtu asiingie hadi kwenye rafu.

Mwezi uliopita tumezika mtoto wa Restuta, yule mama wa nyumba ya tatu kutoka kwangu ambaye analima ng'ambo. Kelestini, wa miaka miwili. Homa.

Nataka kuuliza kitu kidogo tu, kwa kujifunza. Mtoto wa miaka miwili, si mnene si mwembamba, akipewa klorokwini kwa kipimo kile cha kwenye karatasi ya ukutani tuliyoletewa na wizara, siku tatu, asubuhi baada ya uji. Hapo kuna kosa lolote? Nijibu hilo hata kama mengine utayaacha.

Antoni anakusalimu. Siku hizi sili vizuri, ni joto tu.

Domitila


Mbeya
15 Machi 1998

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi. Ninaanza na ulichoniuliza. Kipimo hicho ni sahihi. Hata mimi ningempa hichohicho. Hukukosea kuhesabu. Dawa yenyewe ndiyo imechoka.

Aliyemeza ni mtoto wa Restuta, sivyo? Hukuniandikia hivyo, lakini nimekuelewa.

Sasa nikueleze na mimi, maana nimekuficha kwa wiki saba. Si reli iliyonizuia. Mwezi wa kwanza fundi cherehani mmoja alikwenda kwenye lile duka, jicho linamwasha. Muuzaji akampa kichupa cha dawa ya sikio. Vinafanana, vya kioo vyote. Fundi akatia siku mbili, akivumilia, anadhani kuwashwa ndiko kupona. Jicho limekufa.

Wakaguzi wa Bodi ya Dawa walikuja, wakaitoa fremu ukutani, wakanifuata hospitali mbele ya wenzangu. Waliniuliza jambo moja tu: "Siku hiyo wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa nyumbani, Dada. Nilikuwa zamu ya kupumzika, nafua nguo za mtoto. Mwenye duka amesema yeye si mtaalamu, mtaalamu ni mimi. Na kweli ukutani palikuwa na picha yangu, si yake.

Cheti wamekichukua. Uamuzi utatoka mwezi wa tano. Hospitali wamenisimamisha.

Usichukue hilo duka. Ninakuomba. Si kwa sababu huwezi. Utakuwa peke yako na rafu za dawa, nusu yake hazitibu na nusu yake zinaua zikipewa vibaya, na jina litakalosimama ni lako. Mrudishie Mzee funguo.

Nilikuahidi nisichokuwa nacho. Sijui nikuombeje radhi.

Mdogo wako,
Maxi


Mlabani
26 Aprili 1998

Maxi,

Marahaba, baba. Pole. Nimekaa na barua yako siku nyingi. Sina hasira na wewe. Ningekuwa nazo kama mimi ningekuwa msafi.

Nikuambie ya Restuta. Alikuja dukani Jumatatu asubuhi, mtoto mgongoni anachemka. Nikamwambia, "Mpeleke hospitali, mama." Akasema, "Dada Domi, nikikaa foleni ile pantoni itaniacha, na nguruwe watamaliza mpunga wangu. Nipe dawa niondoke."

Barua yako ya mwezi wa tisa ilikuwa kwenye droo ya kaunta, Maxi. Ile uliyoandika kwamba vijidudu vimeizoea. Nilikuwa najua. Nikampa. Nilimpa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Na nilimpa kwa sababu nilishaanza kuliona lile duka kama langu, nikaona vibaya mteja wangu wa asubuhi kuondoka mikono mitupu. Hilo la pili sijamwambia mtu, hata Antoni.

Siku ya nne mtoto alishikwa na degedege kule shambani. Mto umefurika, pantoni imefungwa. Wamepata mtumbwi siku ya tano. Alikata roho wanamshusha, hajafika hata barabarani.

Msibani nilikaa nyuma. Restuta akanifuata, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Ahsante, Dada. Wewe ulijaribu." Kila asubuhi ananisalimia hivyohivyo, kwa heshima zote. Angenitukana ningepumua.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilimrudishia Mzee Hermenegildi funguo. Hakunilaumu. Alizishika, akazigeuzageuza, akasema, "Basi, mwanangu. Nami nilikuwa nataka tu kuondoka nikijua." Hakumaliza alichotaka kusema. Amekwenda Mahenge kwa lori la mbao, amekaa mbele na dereva.

Duka amelinunua Theodori, yule mwenye duka la betri na mabati. Dawa ameziacha palepale, na zile kali ameziingiza chini ya kaunta. Kaweka msichana mmoja mpole sana, hajasoma popote. Anazitaja dawa kwa rangi. Watu wanamwambia, "Nipe zile nyekundu na njano," naye anawapa. Wakaguzi hawajarudi.

Hivyo ndivyo nilivyoitikia ushauri wako. Ulikuwa wa kweli kabisa, na tazama ulichozaa.

Mimi niko nyumbani, napalilia bustani ya nyuma. Watu wanabisha hodi wameshika vidonge, wanataka niwaambie ni vya nini.

Mama ameulizia tena.

Domitila


Mbeya
20 Mei 1998

Dada,

Shikamoo. Bodi wametoa uamuzi. Miaka miwili siruhusiwi kugusa kazi ya dawa. Hospitali wamenipa barua ya kuondoka. Eveline anashona vitambaa, ndivyo tunavyokula. Hajanisema hata neno moja, naye angesema ningepumua, kama ulivyoandika wewe.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona yule fundi cherehani. Sikujua nakwenda kusema nini. Nilimkuta barazani kwake, cherehani imefunikwa kanga. Nikajitaja.

Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeniuzia?"

"Hapana, mzee."

"Duka ni lako?"

"Hapana."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Nilisimama, Dada. Mkewe akaniletea kigoda, akadhani mimi ni mgonjwa.

Natamani kuja nyumbani, lakini kwa uso gani? Mama aliwaonyesha watu wa Lupiro nzima ile picha yangu ya mahafali. Mwambie bado niko kazini. Kuhusu duka usinisikilize tena. Sijui la kukushauri.

Maxi


Mlabani
14 Juni 1998

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu kwa yote. Maji yamepungua, pantoni inavuka kila siku. Mpunga uliobaki ni kidogo, ule wa mabondeni umeoza wote. Antoni amekazana na huohuo uliobaki.

Mama nimemwambia. Nimeshindwa kumdanganya, nilikwenda Lupiro kwa ajili hiyo. Nilimweleza yote, la cheti, la Bodi, la kazi. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akaniuliza, "Na huyo baba wa watu, jicho lile jingine linaona?" Nikasema nadhani linaona. Akasema, "Mwambie mwanangu aje."

Sasa nikupe habari yangu, usije ukaisikia kwa Dionisi.

Wiki mbili zilizopita Restuta alikuja kwangu asubuhi akikimbia, amempakata Teddy, binti yake wa miaka sita. Alikuwa na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, amevinunua kwa Theodori. Akavifungua mbele yangu. "Dada Domi, hizi ndizo? Nimpe hizi?"

Ilikuwa klorokwini, na kati yake vidonge viwili vya tumbo vimechanganyika. Nilimtazama mtoto, macho yanazunguka. Safari hii sikusema "mpeleke". Nilimbeba mimi. Antoni akatoa baiskeli, tukamweka mbele, mimi nimemshika huku, Restuta huku, tukaenda tunakimbia hadi hospitali. Tulikaa foleni, nikaingia kwa nguvu, nesi mmoja akanigombeza, nikamwacha agombe. Wakamtundikia drip ya kwinini. Siku ya tatu akaomba uji. Amepona, ila anasema masikio bado yanamlilia kengele kwa ajili ya ile kwinini.

Wakati tunarudi Restuta hakunishukuru. Alisema tu, "Kwa nini uliondoka pale dukani?"

Nilimweleza habari ya cheti. Nilimweleza habari ya sheria. Nikawa najisikia naongea kama yule mwenye duka wa Mbeya. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini dawa zinauzwa."

Keshoye nilikwenda kwa Theodori. Nikamwomba kazi ya kuuza.

Akaniangalia kama mwehu. "Wewe si ulipewa duka hili ukalikataa? Ulilikataa likiwa lako, sasa unalitaka likiwa langu?"

"Ndiyo."

"Una masharti?"

"Mtoto mdogo mwenye homa simuuzii kitu. Namwelekeza hospitali."

Alicheka hadi msichana wake akatoka nyuma kutazama. "Ukiwarudisha wote mimi nitakula nini?" Tukabishana kama watu wa sokoni. Mwishowe akasema nirudishe wale waliozidiwa tu, wanaoonekana kwa macho. Vichupa vya dawa ya macho na vya masikio nimevitenga rafu tofauti. Zilizo chini ya kaunta hataki niziguse, wala nizitoe. Mlangoni ameandika jina lake kwa rangi ya bluu.

Usinipongeze na usinikataze. Najua kwamba sijarekebisha kitu. Wakija wakaguzi, sitakuwa mwenye duka wala mtaalamu, nitakuwa mtu aliyekutwa amesimama pale. Nimelipima hilo. Nikikaa nyumbani napalilia mchicha, mikono yangu haitulii.

Nimeanza Jumatano. Siku ya kwanza nilirudisha watoto watatu. Wawili niliwaona kwa macho yangu mama zao wakikata kona ya kwenda hospitali. Wa tatu, mama yake aliniitikia vizuri sana, "Haya, Dada, nimekusikia." Baada ya muda si mrefu nikamwona anapita upande wa pili wa barabara, ametoka kwa mwuza chumvi, ana kifuko mkononi. Nilimwita. Alinipungia mkono akaendelea kutembea.

Treni ya Ijumaa inasimama. Njoo na wifi na mtoto. Kitanda kipo.

Dada yako,
Domitila